Siku Baba Nekoye Aliponipeleka Kuvua

Mtu ambaye hajanisalimia mwaka mzima akinipigia simu kuniambia twende tukavue samaki, mimi sifurahi. Najiuliza anataka nini. Ndivyo nilivyo na sioni haya kusema. Nalima viazi Mau Narok, na kwenye viazi nimejifunza kwamba vile vikubwa vilivyopangwa mdomoni mwa gunia viliwekwa pale na mtu mwenye sababu zake.

Aliyepiga simu alikuwa Mzee Nicodemus Makhanu, baba yake Nekoye, msichana ninayetaka kumuoa. Nekoye alishaniambia waziwazi kwamba bila neno la baba yake haolewi. Wazee wao walikuwa waje kutoka Bungoma mwisho wa mwezi kwa mazungumzo, na mzee mwenyewe alikuwa bado hajasema ndiyo wala hapana.

Na angesemaje ndiyo, ikiwa hata salamu ilimshinda? Kila nilipokwenda kwao Rhonda, mjini Nakuru, nilisimama kando ya kiti chake, kichwa chini, nikangoja. Nimelelewa hivyo. Kwetu mdogo hamrukii mkubwa kwa salamu. Anakaa kando yake, ananyamaza, na mkubwa ndiye anayeanza. Mzee Makhanu hakuanza hata siku moja. Aliendelea kutazama mbele kana kwamba pale niliposimama hapakuwa na mtu, mpaka Nekoye atoke jikoni aseme, "Baba, Kipyegon amefika." Hapo ndipo alipogeuza kichwa chote na kunikazia macho, kama anasoma namba ya gari lililomgonga. Nilikuwa narudi Mau Narok nimekunja uso njia nzima.

"Saturday uko?" aliniuliza kwenye simu. "Kuja twende Naivasha tushike samaki."

"Mimi sijui kuvua, mzee."

"Nani alizaliwa akijua? Kuja na gari."

Hilo la gari nalo nililiwekea alama. Gari lake mwenyewe lilikuwa limekaa chini ya turubai tangu mwaka uliopita. Alisema breki zinalia. Breki gani zinalia mwaka mzima na fundi yuko mtaa wa pili? Lakini mtu anayetaka binti hakatai mwaliko wa baba mtu. Jumamosi asubuhi niliwachukua Rhonda, mzee mbele na Nekoye nyuma. Nekoye alisema amekuja kula samaki wa kukaanga tu.

Mzee huyu alikuwa amefanya kazi ya kutengeneza maboti kwenye hoteli moja ya ziwani. Hoteli ilipofungwa alinunua kayaki zake mbili za plastiki, akaziweka kwa rafiki yake Muiruri, mwenye shamba karibu na mahali mto Malewa unapoingia ziwani. Hapo ndipo alipokuwa akienda kuvua, na kwa maneno ya Nekoye, hapo ndipo alipokuwa mtu wa furaha. Sikumwamini. Sikuwahi kumwona Mzee Makhanu akiwa mtu wa furaha mahali popote.

Tulipofika, mzee alitangulia na Muiruri kuteremsha kayaki majini. Nekoye alinivuta nyuma ya gari.

"Umwangalie baba," alininong'oneza.

"Nimwangalie nini?"

"Wewe angalia tu. Kitu chochote. Ukirudi uniambie ukweli, Kip. Usinifiche hata kidogo."

"Kwani kuna nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Akaondoka kabla sijamuuliza lingine. Basi nikajikuta nimetumwa kumpeleleza mtu ambaye nilishuku kwamba amenileta kunipeleleza. Nilivaa jaketi la kuelea nikilikaza mpaka pumzi ikawa ya shida.

"Unajua kuogelea?" mzee aliniuliza.

"Hapana."

"Vizuri," akasema, na akasukuma kayaki yake majini.

Vizuri kwa nani? Nilimtazama Muiruri nione kama naye amesikia, lakini Muiruri alikuwa anacheka jinsi nilivyokuwa nakaa. Kayaki haina ubavu wa kukuficha. Unakaa juu ya plastiki, miguu imenyooka mbele kama mtu aliyeletewa chai kitandani, na maji yako pale pale, karibu na kiuno. Ukipumua vibaya inayumba. Kasia lina bapa huku na huku, unachota kulia, unachota kushoto, na mimi nilipochota kulia nilizunguka nikatazama nilikotoka. Kwetu juu maji ni ya kunywesha ng'ombe. Samaki wenyewe hawakuwa chakula. Babu yangu aliwaweka kundi moja na nyoka, na mpaka nilipompata Nekoye nilikuwa sijawahi kuwatia mdomoni.

"Kaa mkono wangu wa kulia," mzee aliniamuru. "Karibu, kasia likifika. Na uongee. Usinyamaze."

"Niongee nini, mzee?"

"Chochote. Unachoona, niambie."

Nikasema moyoni, ndiyo hii. Mtihani umeanza. Anataka kujua kama mimi ni mtu wa kuongeza chumvi. Nikaamua kusema kitu kama kilivyo, bila kukipamba. Nikamwambia mbele kuna miti iliyokufa, imesimama ndani ya maji. Ziwa limepanda miaka hii likameza mashamba, na migunga iliyokuwa nchi kavu sasa ndege wanatua juu ya matawi yake makavu. Nikamwambia kuna ua wa seng'enge, nguzo zake zinachungulia tu. Nikamwambia kuna ndege watatu aina ya mwari.

"Ua uko upande gani?" akauliza haraka.

"Huo hapo kushoto, mzee. Karibu na wewe."

"Nauona," akasema, na akapiga kasia kuuhama. Alikuwa amechelewa kidogo. Tumbo la kayaki yake lilikwaruza nguzo, na katika kujisukuma akanigonga mimi, nikayumba mpaka maji yakaniingia mapajani. Hakuomba msamaha. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba amefanya makusudi. Niliwaza namna habari itakavyosomwa kwetu: kijana wa viazi amekufa maji akivua na mkwe. Nilikasirika, nikatamani kugeuza. Kilichonizuia ni kwamba sikujua kugeuza.

Tuliingia kwenye mfereji katikati ya mafunjo, mahali mto unapomwagika. Maji ya pale yana zamu zake. Asubuhi mto unasukuma kwenda ziwani na njia iko wazi. Mchana upepo ukianza kutoka ziwani, maji yanarudishwa nyuma, na visiwa vya mafunjo vinavyoelea vinarudi pamoja nayo na kuziba njia. Mzee alinieleza hayo yote bila kugeuza kichwa. Akaniambia tutoke kabla upepo haujakaza. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa laini. Hapo nilizidi kumshuku, maana sikuzoea ulaini wake.

Alinifundisha kuvua. Alitia mnyoo kwenye ndoana yake kwa vidole tu, akiwa anatazama mbali, nikaona anajigamba. Mimi ndoana yangu ya kwanza ilishika mkono wa sweta langu, ya pili ikashika mafunjo. Ya tatu ilitua majini. Nikakaa. Kukaa kwenyewe ndiyo kazi nusu, mzee alisema. Kisha mshipi ukanivuta, kidogo, kama mtu anayekugusa kwenye umati, halafu ukavuta kweli.

"Mzee! Mzee, kuna kitu!"

"Usivute na hasira! Mpe, halafu chukua. Mpe, halafu chukua!"

Alikuwa tilapia, mpana, akirusha maji usoni mwangu. Nilimkumbatia kifuani kwa kuogopa kumshika. Mzee alicheka. Sijui kama nilishawahi kumsikia. Alicheka mpaka kasia likamteleza mikononi, likaelea pembeni yake, upande wa kushoto, karibu kabisa. Akanyoosha mkono kulitafuta. Alipapasa maji mbele ya kasia, akapapasa nyuma yake. Kasia lilikuwa pale, jekundu, hata mtoto angeliona.

Furaha ya samaki iliniishia palepale.

"Nipatie hilo kasia," alisema kwa ukali. "Unangoja nini?"

Nikampatia. Nilijaribu kulielewa jambo hilo, lakini upepo ulikuwa umeanza. Mafunjo yalikuwa yanainama yote upande mmoja, na tulikotoka mfereji ulikuwa umekuwa mwembamba. Mzee naye aliuhisi. Alisema twende, akageuza kayaki yake vizuri kuliko vile mimi nitakavyoweza maishani, akaanza kupiga kasia kwa nguvu. Na upande wake wa kushoto, kando ya mafunjo, niliona masikio mawili madogo yakitikisika juu ya maji, na chini ya masikio, macho.

"Mzee, kiboko!"

"Wapi?"

"Kushoto! Kushoto kwako!"

Alisimamisha kasia na kutazama mbele. Akatazama kulia. Kayaki yake ilikuwa bado inateleza kuelekea kushoto, na upepo unaisaidia. Aligeuza kichwa kushoto, akapitiliza, akatazama juu kabisa ya kiboko, kwenye mafunjo. "Wapi?" akauliza tena, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Sikumbuki nilipigaje kasia. Nakumbuka tu nimeshika kamba iliyofungwa nyuma ya kayaki yake, nimeizungusha mkononi, navuta kurudi nyuma huku nikipiga maji kwa kasia, kwa mkono mmoja, na kumwambia, "Rudi, mzee, rudi, rudi." Kiboko alifungua mdomo mara moja, akatuonyesha. Kisha akazama. Huo ndio wakati mbaya zaidi, maana hujui atatokea wapi. Tulijibana kwenye mizizi ya mti mmoja uliokufa. Maji yalivimba mbali na sisi, yakapita, yakaelekea ziwani. Samaki wangu alikuwa ameshajiondokea.

Hofu ilipoanza kuondoka, hasira ikachukua nafasi yake.

"Huoni," nikamwambia. Sikusema mzee.

Akavua kofia akaipangusa.

"Naona," akasema. "Naona mbele. Gazeti nasoma, na wewe nakuona hapo umenikasirikia. Lakini ni kama nachungulia kwa paipu. Huku na huku hakuna kitu. Na paipu inaendelea kuwa nyembamba."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

"Na unaingia na kayaki kwa viboko?"

"Hapa napajua. Nikipoteza hapa nitabaki na nini? Kiti?"

Alivyotaja kiti, mambo yakanijia. "Mzee, mimi nilikuwa nikija kwako nasimama kando ya kiti chako. Nangoja unisalimie."

"Ulikuwa unasimama?"

"Kila mara. Kwetu mdogo anangoja."

Akanigeukia, kichwa chote, akanikazia yale macho. "Mimi nilidhani una kiburi. Kwetu kijana akiingia kwa mkwe anasalimia mpaka jirani wasikie. Wewe unaingia kwa nyumba ya mtu kimya kama unaingia choo ya stendi."

Nilitaka kucheka, na nadhani hata yeye. Lakini nilikuwa bado na swali moja, lile nililokuwa nalo tangu simu ilipolia.

"Kwa nini ulinileta mimi? Una watoto wako."

"Watoto wangu wakijua, kesho kayaki zimeuzwa," alisema. "Nilihitaji macho ya mtu. Wewe si mtoto wangu. Na kuna kitu unataka kwangu. Mtu anayetaka kitu hunyamaza." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anayekueleza kwa nini amechagua msumari huu na si ule. "Wazee wakija mwisho wa mwezi, nitasema ndiyo. Nitaisema mbele ya watu wote. Na wewe utakuja na mimi hapa Jumamosi zetu, tutavua, na haya hayatoki nje ya maji. Ukisema, utafute kwingine."

"Hata hospitali hujaenda?"

"Nikienda wataandika. Ikiandikwa ni kweli."

Kumbe sikukosea kushuku. Alikuwa amenichagua kama anavyochagua chambo. Lakini nilivyomwona pale ameshikilia mzizi, kofia mkononi, nywele nyeupe zimesimama kwa upepo, nilimwonea huruma iliyoniuma, na huruma hiyo nayo niliishuku. Nilimtaka Nekoye kuliko kitu chochote. Nilichotakiwa kufanya ni kufunga mdomo, jambo ambalo wengine hulifanya bure.

Nilifunga kamba ya kayaki yake kwenye yangu. Mimi nilisema ninachoona, yeye akasema tupite wapi. Mfereji mkubwa ulikuwa umeshazibwa, lakini alijua kijia kingine nyuma ya mafunjo, na alikijua kwa namna upepo ulivyompiga shavuni. Hivyo tulitoka, mikono ikiniwaka moto. Tulipoona paa la Muiruri kwa mbali aliniambia, "Fungua kamba. Nekoye asitukute tumefungana."

Nikafungua. Akanyoosha mgongo, akapiga kasia moja kwa moja hadi ufukoni bila kuyumba, akateremka kama mtu asiye na tatizo. Muiruri alimpigia makofi. Mzee akaanza kusimulia habari za kiboko, na katika masimulizi yake yeye ndiye aliyemwona kwanza.

Nekoye alikuja kunisaidia kuvuta kayaki. Hakutazama kayaki.

"Umeona nini?" akaniuliza polepole.

Mzee alikuwa nyuma yetu, hatua chache tu, na masimulizi yake yalikatika ghafla. Nilijua anasikiliza. Nilifikiria Jumamosi zitakazokuja. Nitapiga kelele kushoto, kulia, kushoto, na siku moja nitachelewa. Nilifikiria kurudi nyumbani siku hiyo na kumwambia Nekoye, ambaye atakuwa mke wangu, kwamba sikujua. Nilimwonea hasira mzee kwa kuniweka pale, na binti yake kwa kuniuliza.

"Baba haoni pembeni," nikasema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa mzee. "Leo ilikuwa kidogo tu tuingie kwa mdomo wa kiboko. Anajua. Aliniambia nisiseme, na nikisema nisahau harusi."

"Kijana amelewa jua," mzee alisema kwa ukali. "Nekoye, usimsikize. Mimi nakuona hapo vizuri, umevaa sweta ya kijani, umeshika kiuno kama mama yako. Hii ni hila ya watu wasiotaka kulipa mahari—"

Nekoye alianza kutembea. Hakusema neno. Alitembea juu ya nyasi, akamzunguka baba yake, akasimama kando yake, begani kwake kabisa. Na mzee aliendelea kusema, amekaza macho pale binti alipokuwa amesimama mwanzo. Aliendelea kumsihi binti ambaye hakuwepo, akimwambia amwamini, akimuuliza mbona hamjibu. Muiruri aliinamisha kichwa.

"Nekoye?" mzee akasema.

"Niko hapa, Baba," Nekoye akajibu kandoni mwake, na mzee akashtuka hadi kofia ikaanguka.

Hatukula samaki. Tuliingia kwenye gari, mzee nyuma safari hii, kwa kutaka kwake. Nekoye alikaa mbele akilia bila sauti. Mimi niliendesha nikitazama barabara, nikijua kwamba nimejifukuza mwenyewe. Tulipita Gilgil. Tulipita Elementaita. Sikuthubutu hata kuwasha redio. Nilianza kufikiria nitamwambia nini mama, ambaye alikuwa tayari ameshawaalika dada zake.

Tulikuwa tunaingia Nakuru, kwenye foleni, mzee alipokohoa.

"Hiyo hospitali ya macho," akasema. "Monday wanafungua saa ngapi?"

Nekoye aligeuka haraka akipangusa uso. "Saa mbili, Baba. Naweza kuomba ruhusa kazini niku—"

"Sijakuuliza wewe," mzee alisema. "Nimeuliza mkwe wangu."

Nilimtazama kwenye kioo kabla ya kujibu, nione kama ananitega.